Anza na Sikio: Kuchagua Hedifoni na Vifaa vya Kusikilizia Muziki Kampala

Amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12, hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana na kupokezana noti, kila mmoja akichomeka zake katika nafasi zinazoachwa na mwenzake, mpaka kwa pamoja wanafikia noti 8 hadi 10 kila sekunde. Wa tatu hudonoa vibao viwili vya mwisho upande wa sauti za juu. Ukiwasikiliza kwa utulivu unaanza kusikia tuni ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga: noti zinazokaribiana kwa kimo hujikusanya zenyewe sikioni na kuwa wimbo mwingine ndani ya wimbo. Mtafiti Gerhard Kubik, aliyejifunza muziki huu kwa wapigaji wenyewe, ameliandika sana jambo hilo tangu miaka ya 1960.

Sasa vaa iafoni iliyojazwa besi, ufungulie rekodi ileile. Mdundo utausikia, mbao zikigongwa utazisikia, lakini zile tuni zilizofichika zimezama. Hakuna noti iliyofutwa. Zote zimo kwenye faili. Kifaa kimenyanyua baadhi na kuzikandamiza nyingine, na sikio limekosa mizani ya kuzipanga.

Hicho ndicho ninachokiita ubora wa sauti katika makala haya: kilichopigwa kikufikie kwa mizani yake. Shida ya wanunuzi wengi hapa Uganda, kuanzia mwanafunzi wa Makerere hadi dereva wa lori anayesubiri kuvuka Malaba, ni kwamba tunaelekezwa kuweka pesa mahali pasipobadilisha sauti. Tunauziwa jina, idadi ya milimita, kibandiko cha dhahabu. Mpangilio ninaoutetea ni mwingine: kwanza jinsi kifaa kinavyokaa sikioni, halafu mizani ya sauti yake, halafu kelele iliyokuzunguka, halafu faili unalolicheza, na mwisho kabisa adapta, pleya na amplifaya.

Umeme ni rahisi, kiwambo ni kigumu

Wimbo hupita safari fupi. Simu inasoma faili, kigeuzi kinageuza namba kuwa umeme, amplifaya ndogo inaupa umeme huo nguvu, kiwambo cha hedifoni kinatikisika na kusukuma hewa, na hewa inafika kwenye kiwambo cha sikio lako. Hatua za umeme zimerahisishwa mno na viwanda. Adapta ya USB-C ya Apple, inayouzwa dola 9 huko Marekani, imebeba kigeuzi na amplifaya ndani ya kijipande kidogo cha plastiki, na vipimo vyake vinaonyesha kelele na upotoshaji ulio chini ya kile sikio la binadamu linachoweza kugundua katika muziki.

Kiwambo ni habari nyingine. Kinatakiwa kitikisike sawasawa kuanzia mawimbi 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000, ndani ya nafasi finyu, mbele ya sikio ambalo umbo lake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Hedifoni mbili za bei moja zinaweza kupishana kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katika eneo fulani la sauti, na ongezeko la desibeli 10 wengi wetu hulisikia kama sauti iliyokua maradufu. Vigeuzi viwili vizima hupishana kwa sehemu ndogo ya desibeli moja. Mwenye shilingi 300,000 anayenunua pleya ya 250,000 na iafoni ya 50,000 ameyapindua mambo.

Na hata kabla ya kiwambo kuna suala la kuziba. Iafoni za kuingia ndani ya sikio hutoa besi kwa kusukuma hewa kidogo iliyofungiwa kati ya ncha yake na kiwambo cha sikio. Hewa ikipenya pembeni, besi inatoweka, kama ngoma iliyopasuka ngozi. Wengi wanaosema iafoni fulani haina besi wamevaa mpira wa saizi isiyo yao. Boksi huja na saizi tatu au zaidi, ila watu hubaki na ule uliokuja umevishwa, na miwili inayobaki hupotelea kwenye droo. Vaa kila saizi, cheza wimbo wenye besi unaoujua, kisha sukuma iafoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiruka ghafla ulipobonyeza, mpira ni mdogo. Usishangae masikio yako mawili yakitaka saizi mbili tofauti. Ni jambo la kawaida.

Ncha za sponji huziba vizuri kuliko mpira. Unazikanda kwa vidole, unaziingiza, zinavimba zenyewe na kujaza mfereji. Hutuliza pia kidogo sauti kali za juu. Kasoro yake ni kuchafuka na kuchakaa upesi kwa jasho. Kwa hedifoni kubwa za kufunika sikio, adui ni upenyo: mikono ya miwani, nywele zilizosukwa, kilemba. Dada anayevaa hijabu na hataki kuivua kila anaposikiliza atapata sauti bora kwa iafoni ya ndani ya sikio kuliko kwa hedifoni ya bei mara tatu inayokaa juu ya kitambaa.

Mizani ya sauti, na kwa nini bei haiitabiri

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa kama sentimita 2.5. Mrija wa urefu huo, uliofungwa upande mmoja, wenyewe hukuza mawimbi ya karibu hezi 3,000. Ukijumlisha na mikunjo ya sikio la nje na kichwa chenyewe, spika inayokutazama ikitoa sauti iliyo sawa katika masafa yote, sauti hiyo hufika ndani ikiwa imenyanyuliwa zaidi ya desibeli 10 katika eneo lile. Ubongo umezoea mwinuko huo tangu utotoni na hauutambui. Hedifoni inaruka sehemu ya safari hiyo, iafoni inairuka karibu yote, kwa hiyo mtengenezaji lazima auweke mwinuko mwenyewe. Akiuacha, mwimbaji anarudi nyuma na maneno yanafifia. Akiuzidisha, sauti za wanawake, filimbi na matoazi vinachoma.

Auweke kiasi gani? Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu hedifoni mbalimbali bila kuwaonyesha ni zipi. Wengi walipenda ile iliyosikika kama spika nzuri ndani ya chumba cha kawaida: besi iliyonyanyuliwa kiasi, sauti za kati zilizo wazi, na sauti za juu zinazoteremka taratibu. Mchoro uliotokana na kazi hiyo unajulikana kwa jina la kampuni, na watengenezaji wengi wa China wa iafoni za bei nafuu wameutumia kama dira. Ndiyo maana iafoni ya waya kama Moondrop Chu, iliyoingia sokoni ikiwa dola 20 hivi, pesa isiyofika shilingi 80,000 kabla ya usafiri na faida ya muuzaji, ina mizani ambayo hedifoni nyingi za mara kumi ya bei hiyo hazina.

Jambo hili lilipimwa pia. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni zaidi ya 280, akilinganisha mizani ya sauti ya kila moja na bei yake dukani. Hakukuta uhusiano. Bei inalipia vitu vingine vya kweli, kama bawaba ya chuma isiyokatika, mto usiobana, teknolojia ya kufuta kelele, betri, dhamana, na mara nyingine ufundi unaopunguza upotoshaji. Ila haiwezi kukuahidi mizani. Hiyo uitafute kwa masikio yako na kwa michoro ya vipimo ambayo wapimaji huru huiweka mtandaoni bure.

Niseme neno kuhusu besi, kwa kuwa ndiyo wimbo wa kila duka. "Bosi, hii ina besi balaa." Mimi si adui wa besi. Muziki wa dansa wa Kampala, na ule wa kielektroniki unaokesha kwenye tamasha la Nyege Nyege, unaishi kati ya hezi 40 na 80, na hedifoni isiyofika huko inaukata miguu. Lakini besi ya kina ni ile iliyo chini ya hezi 100. Kinachouzwa kwa jina hilohilo mara nyingi ni uvimbe wa kati ya hezi 150 na 300, ambako ndiko kifua cha sauti ya binadamu kilipo. Uvimbe huo hufunika waimbaji. Kadongo kamu ni msimulizi na gitaa lake. Taarabu ni shairi kwanza. Katika rumba ya Kongo magitaa matatu hufumana, kila moja na kazi yake. Ukifunika sauti za kati za muziki wa namna hii, umetupa nusu ya ulichonunua.

Kuna dawa isiyogharimu kitu: ikwalaiza, yaani kidhibiti cha kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati na za juu kila moja peke yake. Simu nyingi zinayo ndani ya mipangilio ya sauti. Kwenye Android kuna programu iitwayo Wavelet, inayobeba marekebisho ya mradi wa AutoEq kwa maelfu ya hedifoni. Unachagua jina la kifaa chako na mizani inarekebishwa. Ukirekebisha kwa mkono, punguza kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua, maana kuongeza kupita kiasi hufanya mawimbi yakatwe vichwa na sauti ikwaruze. Hezi 200 ishuke desibeli 3 au 4 na waimbaji wengi hujitokeza papo hapo.

Maandishi ya boksi hayasaidii sana. "Hezi 20 hadi 20,000" haina maana mpaka uambiwe sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi katikati, na hilo boksi halisemi. Milimita za kiwambo hazipimi ubora. Kuna viwambo vya milimita 6 vinavyovishinda vya 50. Kibandiko cha dhahabu cha Hi-Res Audio, kinachosimamiwa na jumuiya ya sauti ya Japani, kinadai kifaa kifike hezi 40,000, mara mbili ya mwisho wa usikivu wa binadamu. Mtu wa miaka 40 kwa kawaida hasikii hata hezi 17,000. Kibandiko hicho kimya kabisa kuhusu mizani.

Kelele, na masikio yatakayobaki

Msikilizaji wa Kampala anapambana na injini. Yuko ndani ya taksi ya abiria 14 kutoka Ntinda, au chumbani jirani na baa na jenereta. Kelele ya injini imejaa masafa ya chini, na hiyo hufunika besi ya muziki kwanza. Mtu anahisi besi imepungua, anapandisha sauti, na sauti za kati na za juu ambazo hazikuwa na shida sasa zinamgonga.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa 2 na nusu, kwa wiki nzima. Anayeishi mbali na mjini na kupitisha saa 2 kila siku barabarani akiwa amefungulia desibeli 92 anamaliza mgao wa wiki kabla ya Jumanne jioni. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Hakuna hedifoni itakayoturudishia tulichoua, na hili linanisumbua kuliko mambo yote ya vifaa, kwa sababu vijana wengi wanaopenda muziki kwa dhati ndio wanaojiumiza zaidi.

Suluhisho ni kuizuia kelele isiingie. Iafoni ya kuingia ndani iliyoziba vizuri hupunguza kelele kwa desibeli 20 au zaidi, hasa za juu, bila betri yoyote. Teknolojia ya kufuta kelele hutumia maikrofoni kusikia kelele ya nje na kutoa wimbi lililo kinyume chake. Inafanya kazi vizuri kwa mngurumo wa chini usiobadilika, kama injini au feni, na vibaya kwa sauti za ghafla kama honi au kondakta anayeita abiria. Vyote viwili kwa pamoja ndiyo hali bora ya safarini. Hedifoni za mgongo wazi, ambazo hupitisha hewa na kutoa sauti pana yenye raha, ni za usiku wa kimya nyumbani. Kwenye taksi hazizuii chochote, na jirani yako atasikiliza wimbo wako wote.

Juu ya boda boda, au ukivuka Jinja Road, vua. Honi ndiyo taarifa pekee unayopewa.

Waya au bila waya

Bluetooth haina nafasi ya kupitisha sauti nzima, kwa hiyo huikandamiza kwa kanuni inayoitwa kodeki. Ya msingi iliyo katika kila kifaa ni SBC, inayofika kama kilobiti 328 kwa sekunde. Kuna AAC, inayofanya vizuri kwenye iPhone na kwa kubahatisha kwenye Android. Kuna aptX, na LDAC ya Sony inayopanda hadi kilobiti 990 na iliyoingizwa ndani ya Android tangu toleo la 8 la mwaka 2017. iPhone haina LDAC wala aptX, kwa hiyo mwenye iPhone asilipie zaidi kwa sababu ya herufi hizo. Hata kwenye Android, ukiwa katikati ya Taxi Park ambako maelfu ya simu yanagombea anga lilelile la gigahezi 2.4, LDAC huteremka yenyewe hadi kilobiti 330 ili muziki usikatike.

Kwa maoni yangu kodeki si jambo la kukunyima usingizi. SBC ya kiwango cha juu kwenye iafoni yenye mizani nzuri inaishinda LDAC kwenye iafoni mbaya kila siku. Kinachonifanya niegemee waya ni umri. Betri za visikizi visivyo na waya ni ndogo mno, huanza kuchoka baada ya mamia ya chaji, na nyingi zimegundishwa ndani zisibadilishwe. Miaka 3 hivi ikipita, kimoja kinazima njiani na kingine kinafuata. Iafoni ya waya hufa kwenye waya, na waya wa kuchomoa hubadilishwa kwa dakika moja bila fundi. Tafuta zenye pini mbili za milimita 0.78 au zenye soketi ya MMCX. Zenye waya usiochomoka, fundi wa simu mwenye mkono mzuri atakukatia na kukuunganishia pini mpya.

Wale wanaopiga simu nyingi wajue hili: maikrofoni ya Bluetooth ikiwashwa, mfumo mzima huhamia njia ya simu ambayo kwa kawaida haibebi zaidi ya hezi 8,000. Muziki uliokuwa mzuri hugeuka wa redio ndogo mara tu programu ya mkutano inapofunguka. Kifaa hakijaharibika.

Faili na bando

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16. Kasi hiyo inatosha kubeba kila kitu hadi hezi 20,000 na zaidi kidogo, na biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo ya jaribio ambamo rekodi za kiwango cha juu kuliko CD zilipitishwa kwenye kiwango cha CD bila wasikilizaji kuambiwa; kwa sauti ya kawaida ya kusikiliza hawakuweza kuzitofautisha. Biti 24 na vipimo 192,000 kwa sekunde ni muhimu studio, wakati wa kurekodi na kuchanganya. Kwa kusikiliza zinajaza tu simu.

Kwa mnunuzi wa bando hesabu ni hii. MP3 au mfano wake wa kilobiti 320 hula megabaiti 144 kwa saa. Kilobiti 96 hula 43. Sauti ya CD isiyokandamizwa ni megabaiti 635, na FLAC, ambayo huipunguza bila kupoteza chochote, hukaribia nusu ya hiyo au kuzidi kidogo. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo tofauti hii inaonekana mfukoni. Pakua albamu ukiwa kwenye waifai, kwa kilobiti 320, na wengi wetu hatutaitofautisha na CD. Mipangilio ya programu za muziki mara nyingi huweka kiwango cha chini ukiwa kwenye data; ifungue uangalie.

Jihadhari na faili lililogeuzwa mara mbili. Nyimbo nyingi zinazogawiwa kutoka simu hadi simu zilitolewa kwenye video, zikageuzwa kuwa MP3, na kuandikwa 320. Ukubwa wa faili unaongezeka, lakini kilichotupwa mwanzoni hakirudi. Kila mgeuzo unaongeza hasara. Utalitambua kwa matoazi yanayosikika kama maji yanayochuruzika. Kunakili faili bila kuligeuza hakupunguzi kitu.

Rekodi za zamani zina haki yake pia. Hugh Tracey alirekodi wanamuziki wa ikulu ya Kabaka mwaka 1950 na 1952, miaka kabla ya shambulio la Mei 1966 dhidi ya ikulu ya Mengo, lililowatawanya wapigaji. Ni rekodi za maikrofoni chache na zina mvumo wa mitambo ya wakati ule. Hedifoni nzuri itakuonyesha huo mvumo waziwazi. Ipe dakika chache, sikio litauweka kando na ngoma zitabaki.

Adapta, pleya na amplifaya

Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingi zikafuata. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na Itel bado zinalo, na kwa iafoni ya kawaida linatosha. Simu yako ikiwa haina, utahitaji adapta, na hapa kuna mtego: baadhi ya adapta za bei ya chini kabisa hazina kigeuzi ndani, ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti ya analogia kupitia USB-C. Kwenye simu isiyofanya hivyo, hazitoi kitu. Uliza yenye kigeuzi, na uijaribu kwenye simu yako kabla ya kulipa. Ile ya Apple ninayoisifu ina ila moja: kwenye simu nyingi za Android sauti yake hutoka chini.

Amplifaya inahitajika kulingana na ukinzani wa hedifoni, unaopimwa kwa omu, na wepesi wake wa kugeuza umeme kuwa sauti. Chukua chanzo kinachotoa volti 1. Kwenye iafoni ya omu 32 kinatoa miliwati 31, nguvu ya kutosha kukuumiza. Kwenye Sennheiser HD 600 ya omu 300 kinatoa miliwati 3.3 tu. Hedifoni za namna hiyo zilikusudiwa mezani, na ndizo zinazostahili amplifaya. Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Anayetumia simu asibebe ya 250 kwa kuwa tu muuzaji amesema namba kubwa ni bora. Pleya maalumu kama za FiiO zina raha yake, kadi kubwa ya kumbukumbu na betri isiyomaliza ya simu, na kwa mtu wa safari ndefu naona maana yake. Ila sauti yake kwa iafoni nyepesi haitapishana na ya adapta nzuri.

Ukifika dukani

Nakala bandia za AirPods, Beats na JBL zimejaa katika biashara hii, nyingine zikiwa na boksi, namba ya usajili na hata dirisha linalochomoza kwenye iPhone. Bei iliyo robo ya bei ya kawaida ni jibu tosha. Kuna unafuu mmoja katika hili: majina yasiyojulikana sana hayaigwi sana, na mengi yana mizani bora.

Muuzaji akikuwekea wimbo wake kwa simu yake, mjibu kwa upole: "Kaka, naomba niisikilize kwa simu yangu." Ingia na nyimbo zako zilizopakuliwa tayari, ukiwa umezima ikwalaiza. Cheza kitu chenye maneno mengi uone kama yanafuatika bila juhudi, kitu chenye besi ya kina, kitu chenye ala nyingi zinazopishana haraka, na dakika moja ya mtu anayeongea tu, maana sauti ya binadamu tunaijua kuliko ala yoyote. Ukilinganisha mbili, sawazisha sauti kwanza. Iliyo juu zaidi, hata kwa desibeli 1, itaonekana bora, na wauzaji wengi wanalijua hilo. Kisha kaa nayo kichwani dakika 15 ikiwa watakuruhusu. Maumivu ya ukingo wa sikio hayaji dakika ya kwanza.

Ukishainunua, itunze. Kwa iafoni, tatizo la kawaida kuliko yote ni nta kuziba wavu wa ncha, ambapo upande mmoja hushuka sauti taratibu na mtu huitupa akidhani imekufa. Vua mpira, geuza iafoni wavu utazame chini ili uchafu udondoke nje, piga mswaki laini mkavu, na mpira wenyewe uoshe kwa maji ya sabuni. Uache ukauke kabisa kabla ya kuurudisha, la sivyo unyevu utahamia kwenye wavu.